Mbadala wa Nyama Tayari Upo Kariakoo: Nani Apunguze, Nani Asipunguze

Katika benchi la kituo cha afya chochote kilicho jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, si ajabu kuwakuta wagonjwa wawili wa aina hii wakisubiri zamu zao bega kwa bega. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Shinikizo lake la damu liko juu, kiuno kimepanuka, na mlo wake wa jioni, karibu kila siku, ni nyama choma au mishikaki. Wa pili ni mama mwenye mimba ya miezi mitano. Kiwango chake cha damu kiko chini, na nyama huionja mara moja moja tu, pakiwa na shughuli. Tuseme ukutani pamebandikwa bango lenye maneno mawili: “Punguza nyama.” Bango hilo litamfaa wa kwanza na kumpotosha wa pili.

Mfano huo unafaa kutangulia mjadala unaoendelea duniani kuhusu vyakula mbadala wa nyama. Wanasayansi wa tabianchi wanahimiza binadamu wapunguze nyama, hasa ya ng'ombe, ili kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Madaktari nao wana sababu zao za kuhimiza hivyo hivyo kwa baadhi ya watu. Lakini katika nchi ambayo wapo wanaokula nyama kupita kiasi na wapo wanaoikosa, tena pengine katika mtaa mmoja, swali la kwanza ni nani apunguze, na aweke nini mahali pake. Sehemu kubwa ya jibu la swali hilo la pili imo ndani ya magunia ya Kariakoo tangu zamani.

Ng'ombe na joto la dunia

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wacheuaji. Katika tumbo lao la kwanza wanaishi vijidudu wanaochachusha majani pasipo hewa ya oksijeni. Ndiyo maana mnyama huyo anaweza kuishi kwa nyasi ambazo binadamu hawezi kuzila. Uchachushaji huo huzalisha gesi ya methani, ambayo mnyama huitoa kwa kubeua. Kwa uzito ule ule, methani hupasha dunia joto takriban mara 27 hadi 30 zaidi ya hewa ukaa, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100. Hata hivyo gesi hiyo haikai angani muda mrefu. Baada ya takriban miaka 12 sehemu yake kubwa huwa imekwisha kuvunjika, kwa hiyo jitihada za kuipunguza huonyesha matokeo mapema.

Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa ufugaji wote duniani, pamoja na malisho, usafirishaji na ukataji wa misitu, huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha uchambuzi uliojumuisha mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Walionyesha kuwa gramu 100 za protini kutokana na ng'ombe wa nyama huambatana, kwa wastani wa dunia, na takriban kilo 50 za gesi joto. Protini kiasi hicho hicho ikitoka kwenye mazao jamii ya mikunde, gesi hizo hazifiki kilo moja. Ni tofauti kubwa mno, na hakuna namna ya kufuga inayoifuta yote.

Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu ng'ombe wapatao milioni 33.9 Tanzania, na kuiweka nchi hii miongoni mwa zile zenye mifugo mingi zaidi barani Afrika. Lakini Mtanzania wa kawaida hula nyama kidogo sana akilinganishwa na Mmarekani au Mzungu wa Ulaya, na mchango wake katika joto lililokwisha kurundikana angani ni mdogo. Haki inadai kwamba mzigo mkubwa wa kupunguza ubebwe na waliokula zaidi.

Pamoja na hayo, madhara hayabagui. Bonde la Msimbazi pale Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, hufurika mvua kubwa zinaponyesha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na maelfu wakapoteza makazi. Wahudumu wa afya wanafahamu yanayofuata maji machafu yanapoingia majumbani: kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kwa hiyo habari za tabianchi zinamhusu mkazi wa Mnazi Mmoja sawasawa na yeyote.

Nyama ya maabara na nyama ya soya

Katika nchi tajiri, jibu lililovutia macho ni teknolojia. Agosti 2013, jijini London, mtafiti Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alionyesha mkate wa nyama uliokuzwa maabara kutokana na seli za ng'ombe. Gharama yake ilitajwa kuwa euro 250,000. Desemba 2020 Singapore ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu nyama ya kuku iliyokuzwa kwa seli iuzwe kwa walaji. Yapo pia makampuni yanayotengeneza mikate ya nyama kwa protini ya soya au njegere, na kuipa rangi na ladha hata ikafanana na ya ng'ombe.

Bidhaa hizo ni hatua kubwa ya kisayansi, lakini kwa sasa si jibu kwa mama lishe wa Mtaa wa Msimbazi. Bei yake iko juu, zinahitaji majokofu, na nyingi zina chumvi ya kutosha kumtia wasiwasi daktari wa shinikizo la damu. Chakula hakiwi salama kwa mgonjwa kwa sababu tu hakikutoka kwa mnyama. Ni lazima asome kilichoandikwa kwenye pakiti.

Bidhaa iliyo karibu zaidi na mkazi wa Dar es Salaam ni vipande vikavu vya soya, ambavyo wengi huviita nyama ya soya. Hutengenezwa kwa unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta, na takriban nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Huhifadhika bila jokofu, huiva haraka, na hunywa ladha ya mchuzi. Upungufu wake ni kwamba havina vitamini B12, isipokuwa mtengenezaji awe ameiongeza.

Sahani ambayo tayari tunaijua

Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi na utawala wa kikoloni ili kutenganisha mitaa ya Wahindi upande mmoja na mitaa ya Waafrika, yaani Kariakoo, upande wa pili. Mipaka hiyo haikuzuia vyakula kuvuka. Upande wa Kisutu, penye mahekalu ya Wahindu, zimeishi kwa vizazi kadhaa familia zisizogusa nyama kabisa, ambazo protini zao hutoka kwenye dengu, choroko, mbaazi, maziwa na mtindi. Upande wa Kariakoo, asubuhi huanza kwa mbaazi za nazi na maandazi, mchana ni wali kwa maharage au ugali kwa kunde na mchicha, na jioni ni bajia kando ya barabara. Dagaa wa Kigoma na wa Mwanza nao wamekuwa mboga ya mjini kwa miaka mingi.

Kwa maneno mengine, watu wa eneo hili walikuwa na mbadala wa nyama kabla neno hilo halijabuniwa. Kilichobadilika ni hadhi. Kadiri kipato kinavyopanda, maharage huonekana chakula cha shule ya bweni au cha mwisho wa mwezi, na nyama huwa alama ya kufanikiwa. Mgonjwa anayeambiwa arudi kwenye mbaazi anaweza kusikia kwamba anaambiwa arudi kwenye umaskini. Mhudumu wa afya asipolitambua hilo, ushauri wake utaishia mlangoni.

Mwili hupata nini, hukosa nini

Mikunde ina faida zinazojulikana vyema. Maharage makavu yana protini takriban gramu 20 hadi 24 kwa kila gramu 100, na soya hufikia takriban gramu 36. Protini ya mikunde ina upungufu wa kiini kiitwacho methionini, na ile ya nafaka ina upungufu wa laisini. Vikiliwa vyote ndani ya siku moja hukamilishana, na hiyo ndiyo hekima iliyomo ndani ya wali kwa maharage. Mikunde ina nyuzinyuzi zinazosaidia kushusha lehemu na kuzuia sukari isipande ghafla baada ya kula. Kwa mtu mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu, kubadilisha nyama nyekundu kwa mikunde siku kadhaa za wiki ni sehemu ya matibabu. Atumie tui jepesi na chumvi kidogo, kwa maana tui zito lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu.

Nyama nayo ina upande wake. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Lilieleza kuwa kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu isiyosindikwa iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Mfanyabiashara aliyetajwa mwanzoni huenda akaumaliza mgao huo kwa jioni mbili.

Lakini yapo ambayo mikunde haiwezi kuyatoa kwa urahisi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama hufyonzwa kwa asilimia 15 hadi 35. Yale ya mimea hufyonzwa kwa kiwango cha chini zaidi, na kinachobadilika sana kulingana na vinavyoliwa pamoja nayo. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Upungufu wake huleta ugonjwa wa damu, ganzi ya miguu na, kwa mtoto, kudumaa kwa akili. Nchini India, ambako mamilioni hawali nyama, upungufu wa vitamini hiyo umeenea sana, na hilo ni onyo kwa anayedhani kuwa kuacha nyama ni heri tupu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na miongoni mwa watoto walio chini ya miaka mitano kiwango kilikuwa asilimia 58. Chuma si sababu pekee, kwa kuwa malaria, minyoo na selimundu vimo pia. Hata hivyo ni kosa la kitabibu kumwambia mama wa aina hiyo apunguze nyama ile kidogo aipatayo. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Makundi haya mawili huhudhuria kliniki zile zile.

Asiye na uwezo wa kununua nyama anaweza kusaidiwa na mambo madogo. Mikunde iliyolowekwa usiku kucha, au kuoteshwa kama inavyofanywa kwa choroko, hupungukiwa na faiteti, kemikali zinazozuia chuma kufyonzwa. Embe, chungwa, papai au kachumbari yenye ndimu huongeza ufyonzaji ikiliwa pamoja na mlo. Chai ya rangi na kahawa hufanya kinyume, na ni vema zinywewe saa moja au mbili baada ya kula. Kiganja cha dagaa ndani ya sufuria ya maharage huleta vitamini B12, kalisi na chuma cha aina ile ya nyama, kwa gharama ndogo. Mayai na maziwa, pale yanapopatikana, huziba pengo lililobaki. Hayo yote hayachukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki.

Wapo pia wa kuhadharishwa. Mwenye ugonjwa sugu wa figo asiongeze mikunde kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu ya potasiamu. Kwa upande mwingine, mwenye gauti aliyekatazwa maharage na jirani zake atulie: tafiti kubwa zimehusisha gauti na nyama, baadhi ya samaki na pombe, wala si mboga na mikunde. Maharage mekundu yasiliwe yakiwa nusu mbichi, maana yana sumu inayoharibiwa kwa kuchemshwa barabara. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu hudhuru ini. Mlipuko wa mwaka 2016 mkoani Dodoma na Manyara, uliotokana na mahindi yenye sumu hiyo, uliua watu.

Sufuria juu ya mkaa

Lipo jambo ambalo hesabu za gesi joto kutoka Ulaya hazilihesabu. Maharage makavu huchemka saa mbili hadi tatu, na Dar es Salaam ndilo soko kubwa kuliko yote la mkaa nchini. Kila gunia la mkaa ni miti iliyokatwa Pwani, Morogoro au Tanga, na moshi wake huishia kwenye mapafu ya mpishi na ya mtoto aliye mgongoni. Mama anayenunua mkaa kwa kopo huona haraka kwamba akijumlisha mkaa, maharage hayabaki rahisi kama yalivyoonekana sokoni. Familia nyingi huyaacha kwa sababu hiyo, wala si kwa kuyachukia.

Kwa hiyo mazungumzo juu ya mbadala wa nyama hayatengani na mazungumzo juu ya jiko. Kuloweka maharage kwa saa nane kunapunguza muda wa kupika na hata gesi tumboni. Jiko la presha la umeme huyaivisha kwa chini ya saa moja, kwa umeme kidogo. Shirika la TaTEDO limekuwa likiyajaribu majiko hayo katika kaya za hapa nchini, na vyakula vinavyochemka muda mrefu ndivyo vilivyonufaika zaidi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mkakati huo ni habari ya mkaa na misitu, na pia ni habari ya lishe.

Mkulima wa mbaazi na mfugaji

Mabadiliko ya sahani ya mjini humfikia mtu wa shamba. Mbaazi hustawi Lindi, Mtwara, Manyara na Dodoma, huvumilia ukame, na vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani, hivyo shamba huhitaji mbolea kidogo ya viwandani. Kwa miaka mingi mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania alikuwa India. Agosti 2017 nchi hiyo iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje. Bei ikaporomoka, na wakulima wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Wakati huo huo, mjini walikuwako watoto waliodumaa kwa kukosa protini. Soko la ndani lililo imara, katika shule, hospitali, magereza na majiko ya mama lishe, lingemlinda mkulima dhidi ya uamuzi unaofanyika ng'ambo ya bahari.

Mfugaji naye asifanywe adui. Kwa Mmasai, Mgogo au Msukuma, ng'ombe ni akiba, maziwa ya watoto, samadi na mahari, mara nyingi katika ardhi kame isiyofaa kwa kilimo. Njia yake ya kupunguza gesi ni kuwa na mifugo michache yenye afya zaidi. Chanjo ya ndigana kali na malisho bora wakati wa kiangazi huwezesha ng'ombe kukua upesi na kutoa maziwa mengi, hivyo methani kwa kila kilo ya nyama au lita ya maziwa hupungua. Ndama anayekufa kabla ya kuzaa amekwisha kutoa gesi bila kumpa binadamu chochote.

Maswali manne ya kliniki

Mhudumu wa afya hahitaji mashine mpya ili kulifanyia kazi suala hili. Maswali manne yanatosha kuanzia. Umekula nyama mara ngapi wiki iliyopita, na kiasi gani? Kiwango chako cha damu ni kipi? Nyumbani mnapikia nini: mkaa, gesi au umeme? Na mnakunywa chai wakati gani? Majibu yataonyesha kama mtu huyo apunguze nyama, aiache ilivyo, au asaidiwe kupata kitoweo cha mnyama zaidi ya alichonacho.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kuanza kwa siku tatu za wiki bila nyama nyekundu, mbaazi au choroko zikichukua nafasi yake, samaki siku moja, na choma ikabaki kwa mwisho wa wiki. Shinikizo lake likishuka, atakuwa pia amepunguza methani bila kuhubiriwa habari za tabianchi. Mama mjamzito aliyeketi kando yake aondoke na vidonge vyake, maelekezo ya kuloweka maharage, nusu ya chungwa baada ya mlo, chai isubiri, na ruhusa iliyo wazi: nyama, dagaa au yai vikipatikana nyumbani, sehemu yake isipunguzwe ili kumpa mwingine.